Mashini Isirudi Chini ya Kitanda

Kazi moja, 6 Oktoba

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu. Si Mama, si Bijou mdogo wangu, si padri kwenye kitubio. Kila kazi tano, yaani Ijumaa, jioni akina mama wa shirika la kanisa wanakuja kusali kwetu. Mama Kalonji, mkubwa wao, anaomba kwa sauti: Bwana, rudisha baba wa nyumba hii. Wote tunaitika. Mimi midomo tu ndiyo inaitika. Moyoni ninaomba asirudi. Ninaomba waachane kabisa, kwa sheria, kwa muhuri. Nilianza kuomba hivyo nikiwa bado ninavaa sketi ya bluu ya shule, na sijaacha. Sitatubu.

Basi. Leo ilikuwa kama kila siku. Nimechota maji, Bijou akaenda shule, mimi nikabaki. Bado sijazoea kubaki. Diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari ninayo, chuo Mama anasema tungoje kidogo. Ninakaa karibu naye ninashona vifungo. Mashini yake iko mbele ya dirisha, inalia tangu asubuhi, wateja wanapiga hodi na kitambaa cha kikwembe mkononi. Hapa mtaani Bel-Air wanamjua kwa mikono yake.

Saa sita Papa alipiga simu kutoka Pweto, kule ziwani. Anauza samaki huko, na huko ana mke mwingine. Wakwe zake wapya wanataka ndoa iandikwe. Ofisi inamwomba cheti kwamba hana ndoa nyingine. Hana cheti hicho. Ana sisi. Kwa hiyo Mama aende mahakamani akaombe talaka, yeye anakubali kila kitu.

Anaoa yeye, wa kukimbia mahakamani awe Mama. Nimekasirika sana. Na nimefurahi sana. Nimekwenda jikoni nisionekane uso.

Kazi ine, 9 Oktoba

Baba Mukubwa Ngoy amekuja. Ni kaka mkubwa wa Papa. Yeye anasema hakuna cha kuombea mahakamani, mambo yalishakwisha.

Ni kweli, tuliamini hivyo. Mwaka jana wakati wa baridi familia zote mbili zilikaa uani kwetu. Mjomba, kaka ya Mama, alirudisha jembe na mbuzi mmoja, sehemu ya mahari, kama desturi yetu inavyotaka mtu akitaka kumtoa binti yake kwenye ndoa. Baba Mukubwa alipokea kwa niaba ya Papa, kama alivyosema kwa niaba yake siku ya kuposa. Wakapeana mikono. Mama akavua pete.

"Mbuzi tulikula," amesema leo. "Weye mwenyewe, Mama Nyota, ulipika! Sasa juji atatapisha batu?"

Mama amecheka. Mimi sikucheka. Maana Noeli iliyofuata Papa alikuja vilevile, na mbuzi kaliwa. Akaketi kwenye kiti chake. Akamwambia Mama atoe mashini mbele ya dirisha, mke wa mtu hapimi viuno vya watu. Mama akaisukuma chini ya kitanda na kuifunika kwa kikwembe. Kila mwaka anapokuja inaingia chini ya kitanda. Wateja wanarudi na nguo zao. Mama anaanza kutembea kama mgeni. Anaacha kuimba. Hakuna anayempiga. Anapungua tu, kila siku kidogo, mpaka Papa apande lori.

Watu wanasema: hampigi, sasa anataka nini? Mimi najua anataka nini. Anataka dirisha lake.

Kazi mbili, 14 Oktoba

Tumekwenda komini, ofisi inayoandika ndoa. Mama alivaa kikwembe cha Pasaka. Alimweleza karani habari ya jembe na mbuzi, pole pole, kwa mpango, na majina ya wazee waliokuwapo. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Hakudharau.

"Mama," akasema, "mbuzi haiandikwake mu rejista. Hapa muko bibi na bwana tu."

Ndoa iliyoandikwa kwa Serikali inavunjwa na hukumu ya mahakama peke yake. Tribunal de paix, mahakama ya amani. Familia zinaweza kurudishiana mahari, hiyo ni shauri lao, lakini haivunji kitu.

Nje Mama alisimama chini ya jakaranda, maua yameanguka kila mahali. Alitazama kidole chake kisicho na pete. Zaidi ya mwaka mzima ametembea akijua yuko huru, kumbe hapana.

Nimeona haya kwa ajili yetu sote. Wazee wote wale, hotuba zote zile, hakuna hata mmoja aliyefikiri kuuliza.

Siku ya posho (Jumamosi), 18 Oktoba

Nimetafuta sheria ya familia kwenye simu, nimeisoma siku mbili. Kifaransa cha sheria ni kigumu, lakini si kigumu kushinda mtihani wa Serikali. Nataka niandike nilichoelewa, ili nisiyumbishwe na mtu.

Kukubaliana hakutoshi. Hili limenishangaza. Nilidhani wawili wakisema ndiyo, hakimu anapiga muhuri. Hapana. Hakimu lazima aone mwenyewe kwamba ndoa imeharibika na haitengenezeki tena. Lazima aelezwe mambo yaliyotokea. Kama wameishi mbalimbali muda mrefu, hilo linasaidia.

Anayeomba anapeleka ombi yeye mwenyewe kwa mkuu wa mahakama. Kwanza anasikilizwa peke yake, na hakimu anampa mawaidha. Kisha wote wawili wanaitwa kwenye mapatanisho. Hapo wanakuja kwa miguu yao, hakuna wakili, hakuna wa kuwasemea. Hakimu anajaribu kuwarudisha pamoja. Ikishindikana ndipo kesi inaanza. Watoto watakaa kwa nani, nani atawalisha, vyote vinaandikwa. Na hukumu ikitoka haijaisha: ngoja muda wa rufaa upite, halafu ipelekwe komini iandikwe kwenye rejista ileile iliyoandika ndoa.

Cheti cha ndoa kinahitajika. Mama alikitoa kwenye sanduku, katikati ya nguo zetu za ubatizo. Kuna picha yake humo, amevaa shela. Anacheka. Alikuwa na umri wangu na zaidi kidogo tu.

Mimi sitaolewa haraka. Naandika hivyo pia.

Kazi tatu, 29 Oktoba

Ombi limepelekwa. Nililiandika mimi, Mama akaniambia ya kusema. Kifaransa changu, maneno yake. Aliingia peke yake kwa mkuu wa mahakama. Mimi nikangoja kwenye benchi. Alipotoka alisema mkuu ni mwanamke mwenye miwani, amemshauri afikirie vizuri, na yeye amejibu kwamba amefikiri tangu Bijou bado anabebwa mgongoni.

Nimejivunia. Tumenunua mikate miwili tukala tukitembea.

Kazi tano, 31 Oktoba

Akina mama wa sala wamejua. Mama Kalonji amesali leo kwa sauti ya juu kuliko siku zote. Baada ya sala akabaki.

"Mama Nyota, utaachaka na komunyo sasa? Batasema nini mu paruasi, ku kanisa?"

Mama akamjibu kwamba hajaolewa na mwingine na hatafuti mwingine, komunyo ataachia nini.

"Na batoto? Mutoto mwanamuke bila baba, nani atakuya kumuposa?"

Alikuwa ananitazama mimi. Nilitaka kusema: asije mtu. Badala yake nikamletea maji ya kunywa. Ndiyo jibu langu kila mara, maji ya kunywa. Ninajichukia kwa hilo.

Kazi tatu, 12 Novemba

Siku ya mapatanisho. Mvua tangu asubuhi. Mama amevaa kikwembe cha Pasaka tena.

Mlangoni pa mahakama tumemkuta Baba Mukubwa Ngoy. Koti, kofia, viatu vimepakwa dawa mpaka vinang'aa. Papa hayupo. Karani akaita jina la Papa. Baba Mukubwa akainua mkono, "Présent!", akaingia.

Mlango haukufungwa hata. Tulisikia wote wa kwenye benchi.

"Papa, ni weye njo bwana ya huyu mama?" hakimu akamwuliza.

"Hapana, madame. Miye kaka yake mukubwa. Miye njo nilimuposea, miye njo nilipokea mbuzi. Kwetu mukubwa njo anasema."

"Sasa unaomba kuachana na mulamu yako, bibi ya mudogo yako?"

Benchi zima likacheka. Baba Mukubwa alitoka na kofia mkononi. Ninamwonea huruma, hilo ni kweli. Alikuja kwa moyo safi. Maisha yake yote amesema kwa niaba ya wadogo zake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hatoshi. Alitutazama kama mtu aliyefukuzwa kwenye harusi ya kwao.

"Batu ya leo," akasema. Basi.

Hakimu ameandika wito mwingine, mwezi ujao. Papa aje mwenyewe.

Kazi ine, 13 Novemba

Papa amekataa. Njia imeharibika, malori yanalala kwenye matope. Na alishamtuma kaka yake. "Yaya yangu mukubwa si njo miye?" Mama aliweka simu mezani ikiendelea kusema.

Siku ya Mungu, 16 Novemba

Leo nimefanya kitu.

Baada ya misa Mama alichukua karatasi zote, cheti, nakala ya ombi, wito, akazirudisha kwenye sanduku, chini kabisa. Mama Kalonji alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua majani ya sombe pamoja naye. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ninaanika nguo. Mama akasema pengine ni Mungu anafunga njia. Halafu akasema hivi, nimeyashika maneno:

"Miye nilishachoka, ningeenda mpaka mwisho. Lakini Nyota. Hasemake, lakini minajua roho yake inataka baba yake. Anakondaka kila Papa akienda. Siwezi kumukatia."

Mimi! Ninakonda akienda? Ninakonda akija. Mama ananitazama kila siku na ameona kinyume. Na kosa si lake. Ni mimi nisiyesema.

Nilishika kamba ya nguo mpaka ikaniuma. Nilitaka kwenda mbele nimwambie. Kumwambia Mama usoni kwamba ninaomba baba yangu asirudi, siwezi. Hata sasa siwezi. Yeye amenifundisha sala.

Lakini simu si uso. Mchana, Mama amelala, nilikwenda na simu mpaka nyuma ya choo na nikampigia Papa. Sijawahi kumpigia peke yangu.

"Papa, ni Nyota. Kuya."

Akacheka, alifurahi kweli. "Kumbe unajua kusema! Nitakuya ku Noeli, mama yangu."

"Hapana, Papa. Mbele ya Noeli. Ku tribinali."

Nyuma yake watu wanapakia magunia, wanaitana.

"Mama yako njo anakutuma?"

"Hapana. Ni miye."

"Weye unataka tuachane?"

Ningeweza kukata. Nilitazama ukuta. Nikasema: "Ndiyo."

Halafu unite zikaisha, simu ikakatika.

Nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sijuti. Nimwandikie nani kwamba sijuti? Najiandikia mwenyewe. Sijuti.

Kazi tano, 28 Novemba

Hakuna habari. Papa hapokei simu za mtu yeyote. Mama hazungumzii tena mahakama. Anashona sare za kwaya. Kila lori nikisikia kwenye barabara kubwa ninatoka nje kutazama. Pengine nimempoteza bure. Pengine sasa hana mtoto anaitwa Nyota.

Waseme mimi ni mtoto mbaya. Afadhali mtoto mbaya na Mama mzima.

Kazi moja, 8 Desemba

Amefika! Leo mchana, matope mpaka magotini, gunia la chisense, dagaa wakavu wa huko, begani. Siku nyingi njiani. Mama alipomwona mlangoni alisimama, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mashini, tayari kuisukuma. Nimeuona ule mkono.

Papa hakuingia. Aliacha gunia, akambeba Bijou kidogo, akasema atalala kwa Baba Mukubwa na kesho tutaonana mahakamani. Hakunitazama.

Mama amefungua sanduku, ametoa karatasi. Lakini anazishika kama vyombo vya mtu mwingine.

Kazi mbili, 9 Desemba

Nataka niandike yote kabla sijasahau mpango wake.

Waliingia wawili. Benchi lilikuwa na mimi na Baba Mukubwa, safari hii bila koti. Alininunulia karanga. Tulikaa muda mrefu. Halafu karani akafungua mlango, akaniita mimi. Hakimu ametaka kumwona mtoto mkubwa.

Chumba kidogo, dirisha moja, mafaili mpaka dari. Papa kiti hiki, Mama kiti kile. Hakimu akavua miwani. Alisema nao kwa upole, lakini wote wawili wanajibu nusunusu, na yeye hawezi kuandika nusunusu.

"Weye njo mutoto yabo mukubwa. Kama baba na mama banaachana, unasema nini?"

Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nilimwona kichwani mwangu Papa anasema: aliniambia kwa simu, anataka tuachane. Ingekuwa haki yake. Nilimwita asafiri matope yote yale kwa neno moja la hivyo.

Papa akakohoa. "Madame, huyu hasemake tangu mutoto. Alinipigia simu kwamba nikuye. Njo maana niko hapa." Akafika hapo. Akatazama mikono yake.

Hakunisaliti. Alificha neno langu. Nilitaka kulia.

Lakini Mama alikuwa amenigeukia, na macho yake yalijaa. Nikaelewa kinachopita kichwani mwake. Nyota amempigia baba yake. Nyota amemwita. Kumbe anamtaka. Papa amenihifadhi mimi na amemwangusha Mama, bila kujua.

Hakimu akauliza: "Mama, bado unasimamia ombi yako?"

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Nimeona anapungua, palepale kwenye kiti, kama wakati wa Noeli.

Sijui nilisimama lini. Najua kwamba nilikuwa wima na sauti ilitoka, ndogo, mbaya, lakini ilitoka:

"Mama. Mashini isirudie tena chini ya kitanda."

Hayo tu.

Hakimu hakuelewa, alitazama mmoja na mwingine. Papa aliinamisha kichwa. Mama alielewa. Alinitazama kwa muda, kana kwamba mimi ni mteja mpya anayempima. Halafu mgongo wake ukanyooka, na akamgeukia hakimu, na akasema bila nusunusu. Miaka waliyoishi mbalimbali. Mke wa Pweto. Mashini inayofichwa kila mwaka. Jembe na mbuzi. Kwamba hana chuki. Kwamba harudi.

"Na weye, Papa?"

"Anasema kweli," Papa akasema. "Hata ya mashini."

Hakimu aliandika kwamba mapatanisho yameshindikana. Kushindikana! Neno zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu.

Kazi tatu, 10 Desemba

Papa amerudi Pweto na lori la alfajiri. Atatuma jina la mtu wa kumwakilisha kwenye kesi, sehemu inayobaki inaruhusu. Hatukuagana. Kuna gunia la chisense jikoni. Nyumba nzima inanukia yeye.

Kazi ine, 25 Desemba

Noeli. Kiti chake kitupu. Bijou alilia kidogo, nikamsuka nywele. Mama alishona mpaka jana jioni, watu wanagombania zamu. Leo ameimba kwenye misa, Mama Kalonji alikuwa anageuka kumtazama. Ageuke.

Kazi ine, 12 Februari

Hukumu imesomwa. Ndoa imevunjwa. Bijou na mimi kwa Mama, Papa atachangia chakula na shule. Mjomba na Baba Mukubwa wamejadili jembe na mbuzi nje ya mahakama, wamekubaliana kwamba iliyoliwa imeliwa. Wamecheka, wamepeana mikono tena. Sasa tungoje muda wa rufaa upite. Mama Kalonji amesema: "Bado batu banaweza kurudisha roho, barudiane." Nimemjibu, mimi mwenyewe, kwa sauti: "Hapana, mama. Hawatarudisha." Nikamletea maji ya kunywa baada ya hapo. Baada.

Siku ya posho, 18 Aprili

Mvua zimekwisha. Asubuhi ni baridi kidogo.

Jana komini wameandika. Karani yuleyule. Alimkumbuka Mama, hata na mbuzi. Rejista ni kubwa, kurasa zimegeuka manjano, na pembeni mwa ndoa yao sasa kuna mstari mdogo wa wino mpya. Mama aliomba auone. Aliutazama, akasema asante, tukatoka. Njiani alininunulia kalamu mbili za chuo.

Leo mashini iko mbele ya dirisha. Inalia tangu saa kumi na mbili. Bijou anakusanya vipande vya kitambaa chini, anawashonea watoto wake wa bandia. Mimi ninashona vifungo.

Dereva wa lori ameleta chisense kutoka Pweto, mfuko mdogo, na chini yake karatasi ya sukari imekunjwa. Mwandiko wa Papa, herufi kubwa. "Nyota. Sikuambia mutu."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Halafu nimewasha nao jiko.

Mama bado anaamini nilimpigia Papa kwa sababu nilimkosa. Ya mashini anaijua. Ya ile "Ndiyo" ya kwenye simu haijui, wala ya sala zangu za kazi tano. Pengine siku moja, nikiwa mkubwa na yeye amezeeka, nitamwambia. Pengine hapana. Na ajabu ni kwamba sasa ninamkosa kweli, baba yangu, tangu afunge mdomo wake kwa ajili yangu.

Kwa hiyo wewe utakayefungua ukurasa huu, kama ni Bijou, kama ni nani, umeshajua tunaojua ni wangapi. Papa, mimi, na wewe. Yeye alisafiri matope yote yale na hakusema. Na wewe usiseme.

Mama ananiita. Vifungo vimekwisha, nikanunue.